Kijani cha Chumba cha Mzee

Musimenta alinipigia simu nikiwa Bwera. "Kuja Kasese unipakie nyumba rangi. Tuanze na chumba ya mzee, sababu anakuja kukaa hapa."

Sikuuliza mzee gani. Huku kwetu mtu akisema mzee, anamsema baba yake, na baba yake ni mimi. Nilimwacha kabla hajang'oka meno ya utoto, nikaenda Beni, nikaenda Butembo, nikapaka nyumba za watu miaka thelathini. Siku ileile ya simu nikarudisha ufunguo wa chumba nilichopanga Bwera, nikamwambia mwenye nyumba atafute mtu mwingine. Nikaja na mfuko wangu.

"Nataka kijani," Musimenta alisema, "lakini siyo ya kupiga kelele. Macho inamusumbua mzee."

Kweli macho yananisumbua. Nikajiuliza nani alimwambia.

Nilichanganya mwenyewe. Nyeupe ndoo nzima, kijani kidogo kidogo, njano matone machache, mpaka ikawa kama ganda la maharage kwa ndani. Nikaziba nyufa, nikapiga msasa mpaka kiganja kikapita ukutani bila kukwama. Nyumba za wengine sikuwahi kuzifanyia hivyo. Hata kona ya kitanda nilichagua, jua la asubuhi lisinipige usoni. Mfuko nikauweka hapo.

Edisa, jirani, akachungulia dirishani. "Fundi, unapaka ama unabembeleza? Ukuta siyo bibi!"

"Bibi nilimkimbia, mama. Ukuta huu sikimbii."

Akacheka mpaka akashika fremu yenye rangi mbichi. Shauri yake.

Siku ya tatu mchana, pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka mtu mzima mwenye miwani nyeusi. Yosamu wa Maliba, yule aliyemwoa mama yake Musimenta baada yangu. Musimenta akatoka mbio, akamshika mikono yote miwili. "Baba! Umefika, Baba!"

Mimi siku zile tatu hakuwa ameniita kitu. Alikuwa anaanza tu maneno katikati.

Yosamu aliingia chumbani, akavua miwani. "Hii inapumzisha macho. Nani amefanya?"

"Fundi mumoja wa Bwera."

Kisha Musimenta akauona mfuko wangu kwenye kona. Akauchukua, akanifuata nyuma ya nyumba nilikokuwa nimekwenda kuosha brashi.

"Ulifikiri ni yako?"

"Ulisema mzee."

"Mzee ni mwenye alikuwa nyumbani wakati niliugua. Wewe nilikuita sababu watu wanasema unajua rangi."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikaendelea kuosha brashi ambayo ilishakuwa safi.

"Sebule pia nataka kijani hiyo hiyo," akasema. "Utaanza kesho?"

"Haiwezekani. Nilichanganya kwa jicho. Haitatokea mara mbili."

"Hata karibu yake?"

"Hata karibu."

Uongo. Rangi ile ningeichanganya nimefumba macho. Lakini sikuwa na kitu kingine cha kumnyima. Vingine vyote nilishamnyima zamani.

Alinitazama kidogo, akaweka mfuko kwenye nyasi, akarudi ndani. Nikamsikia anamuuliza Yosamu kama chai aitie tangawizi.