Tulia Si Amri

Tulia alishuka kwenye ndege akaubamiza mlango hadi Vicent, aliyekuwa amekaa kwenye nyasi akingoja zamu yake, akainuka. Mlango wa ndege ndogo haubamizwi. Ni bati jepesi, na mtu aliyefundishwa wiki moja tu analijua hilo. Tulia alilijua vizuri sana, na ndiyo maana akaubamiza.

Kapteni Emiliani alishuka upande wa pili taratibu, akavua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Alikuwa mtu wa Karagwe, mrefu, mwenye sauti ya kusomea neno kanisani. Alikuwa amerusha ndege za serikali miaka mingi, mpaka alipopunguzwa kazini siku zile serikali ilipokuwa inapunguza kila inachoweza kupunguza. Wakati yeye anahangaika kulisha familia, shamba moja la chai huku Suma, karibu na Tukuyu, likapata mwekezaji. Mwekezaji akaja na ndege yake ya viti vinne, akafyeka uwanja wa nyasi kando ya chai, akamchukua Emiliani awafundishe kazi vijana wawili wa hapo hapo shambani: Tulia na Vicent, wote wawili wapimaji wa majani ya chai kwenye mizani. Mmoja angebaki kuwa rubani wa shamba. Mwingine angerudi kwenye mizani. Hilo halikufichwa tangu siku ya kwanza, na Tulia alikuwa ameapa kwamba kwenye mizani harudi, hata wamwite kwa tarumbeta.

Kilichokuwa kinamtoa jasho ni kustoli. Mwanzoni alidhani kustoli ni injini kuzima, kama lori la ndizi linavyozima kwenye mpando likaanza kurudi nyuma. Kumbe wapi. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa na ndege ikastoli. Ni bawa ndilo linalogoma. Ukiinua pua mno huku mwendo umepungua, hewa inaachana na mgongo wa bawa, honi ya onyo inalia, ndege inatetemeka, na pua inaanguka. Dawa yake ni jambo ambalo mwili wa binadamu haulitaki hata kidogo: unaanguka, halafu unatakiwa usukume usukani mbele, uelekee huko huko unakoanguka, ili bawa lishike hewa tena. Unaongeza moto wa injini, unazuia bawa lisilale kwa kukanyaga pedali, unapanda.

Tulia aliyajua yote hayo. Ungemwamsha usingizini angekutajia. Lakini huko juu, pua ikishaanguka na Kapteni akishafungua mdomo, mikono yake ilikuwa inaganda. Si kwa muda mrefu. Kiasi cha kumeza mate. Kiasi hicho kilitosha bawa la kushoto kulala na dunia kuanza kuzunguka mbele ya kioo, mashamba ya watu yakifuatana na mito, mpaka Kapteni amnyang'anye usukani na kuitoa ndege mwenyewe. Leo ilikuwa imetokea tena.

"Wanawake wanavuta," Emiliani alimwambia Vicent, kana kwamba Tulia ni mzigo uliosahaulika pale. "Si kosa lao. Mtu akiogopa anakumbatia kitu."

"Sikuvuta," Tulia akasema.

"Basi ulifanya nini?"

Swali hilo lilimchoma kuliko lile neno la wanawake. Kweli hakuvuta. Lakini hakusukuma vilevile. Emiliani akavaa miwani yake akasema kesho asubuhi ni mara ya mwisho. Ikishindikana atamwambia meneja kwamba anayefaa kuruka peke yake ni Vicent, na habari itaishia hapo. Vicent akaangalia viatu vyake. Alikuwa kijana mwema, lakini wema wake haukumzuia kufurahi, na Tulia aliiona ile furaha ikimpanda hadi masikioni.

Alirudi nyumbani Kawetele kwa miguu, mvua ikimchapa njia nzima, akimtukana Emiliani kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na alipoishiwa akaanza upya. Mama yake, Esnath, alikuwa jikoni anamenya ndizi za jioni. Tulia hakumwamkia. Alichukua kisu cha pili, akakaa, akaanza kumenya kama anayelipiza kisasi, maganda yakaenda na nusu ya ndizi.

Mama alimwacha amalize ndizi mbili tatu, kisha akauliza ndizi zimemkosea nini. Basi Tulia akafoka. Alisema huyo mzee akiwa juu kazi yake ni kumwita tu, Tulia, Tulia, Tulia, mpaka jina lenyewe limemchosha. Akahama kwa Kapteni akamgeukia mama. Watu wanawapa watoto wao majina ya maana, akasema: kuna Asajile, kuna Ambindwile, kuna Anyelwisye, majina yenye Mungu ndani yake. Yeye akapewa amri. Tangu darasa la kwanza kila mwalimu amecheka. Tulia, mbona hutulii? Kila mwanaume ambaye yeye amemkatalia neno amemwambia afanane na jina lake.

Kisa cha jina hilo ukoo mzima unakijua na unakichekea kila sikukuu. Esnath alikuwa msichana wa kijijini asiyejua Kiswahili, akapelekwa hospitali kujifungua, akakutana na nesi aliyehamishiwa huku kutoka pwani. Tulia alikisikia mara nyingi hata akaacha kukisikiliza. Jioni hiyo, kwa kuwa hasira ilikuwa imemfungua masikio, akakisikiliza.

"Uchungu ulikuwa umenikamata," mama akasema. "Yule nesi akanishika bega. Akasema, tulia mama, tulia. Akaludia, tulia. Mimi nikajua anaita mtu. Nikanyamaza kimya, nikangoja aseme huyo mtu anamwitia nini. Hakusema. Ukatoka wewe. Nikasema, ndaga, asante, kumbe ndiye alikuwa anaitwa."

Kisu cha Tulia kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi.

"Ulingoja," akasema.

"Nilingoja. Mtu akiitwa si anangoja aambiwe?"

Tulia aliweka kisu chini. Aliiona mikono yake kwenye usukani, wazi kabisa, ikingoja. Emiliani anaposema tulia anataka mwanafunzi apoe, alegeze mikono, afanye alichofundishwa. Yeye anasikia ameitwa. Na mtu akiitwa anangoja aambiwe. Kapteni anangoja yeye atulie, yeye anangoja Kapteni aendelee kusema, na ndege haimngoji mtu.

Ungedhani angecheka. Mama alicheka, mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Tulia alizidi kukasirika. Alikuwa amekaribia kurudishwa kwenye mizani, akiitwa mwoga mbele za watu, kwa sababu mtu mzima mwenye elimu yake hajawahi kujiuliza neno lake linaingiaje kwenye sikio la mwenzake. Usiku ule alilala amekunja ngumi.

Asubuhi ukungu ulipoinuka juu ya chai alimkuta Emiliani anapima mafuta, akamweleza. Alieleza vizuri, kwa heshima, kwa sababu alikuwa ameyakariri maneno yake njia nzima. Emiliani akacheka. Alipoona anacheka peke yake akaacha, akafikiri, akakubali kwamba inawezekana. Kisha akatoa dawa yake.

"Basi tukiwa angani nitakuita Rozi," akasema. "Jina fupi, halina matatizo."

Heshima yote aliyokuwa ameileta Tulia ikaishia hapo.

"Kapteni, mimi sibadilishi jina ili wewe usibadilishe neno. Jina ni langu toka nizaliwe. Wewe una neno moja tu la kuacha. Sema legeza. Sema sukuma. Au nyamaza."

Emiliani akasema neno hilo amewaambia wanafunzi wote aliowafundisha maishani mwake, linatoka lenyewe, halimwombi ruhusa. Tulia akamwambia alizuie.

"Unanifundisha kazi, binti?"

"Nakufundisha jina langu."

Vicent, aliyekuwa anafuta kioo cha mbele, alikwenda kufuta cha nyuma. Emiliani akapanda akajifunga mkanda. Akasema sawa, hatatia neno. Atakaa kama gunia la chai, na gunia halitoi msaada.

Walipanda kuelekea kusini, wakaiacha milima nyuma yao hadi chini yao kukawa na tambarare ya Kyela tupu na ziwa likaonekana mbele. Hapo kulikuwa na nafasi ya kutosha ya kuanguka. Tulia aligeuza ndege kulia, akaigeuza kushoto, akahakikisha hakuna chochote karibu. Akapunguza moto. Akainua pua. Emiliani alikuwa amekunja mikono kifuani, amenuna.

Honi ikalia. Ndege ikatetemeka, pua ikaanguka, na ndani ya ukimya ule mikono ya Tulia ikasukuma bila kumngoja mtu. Bawa likashika. Akaongeza moto, akapanda. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutia hasira. Siku zote zile, matusi yote yale, na kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

"Tena," Emiliani akasema. "Na moto, na kona."

Hii ndiyo mbaya. Ndege ikistoli huku injini inavuta na bawa limeinama, haikuagi. Tulia akaingia kwenye kona ya kushoto, akavuta, akavuta, pua ikapanda mpaka kioo kikajaa mawingu. Honi ikalia. Bawa la kushoto likaanguka ghafla, mlango ukawa chini yao, na kutoka kiti cha kulia mkono wa Emiliani ukafyatuka ukakamata usukani wa upande wake.

"Tulia, tulia."

Alilisikia. Mwili wake wote ulitaka kungoja. Hakungoja, akasukuma, na usukani haukwenda. Akasukuma kwa nguvu zaidi, ukabaki pale pale, umekaza, na akaelewa kwamba kuna mtu anavuta. Kapteni Emiliani, mwenye miaka yake yote ya angani, alikuwa ameukumbatia usukani kifuani na macho ameyatoa.

"Kapteni," Tulia akasema, bila kupaza sauti. "Tulia."

Mikono ya Emiliani ikafunguka. Tulia akapunguza moto uliokuwa unazidisha mzunguko, akasukuma, akakanyaga pedali ya kulia hadi mwisho. Tambarare ilizunguka nusu, ikasita, ikasimama. Mwendo ukarudi. Akanyoosha mabawa, akainua pua polepole, akaongeza moto, akageuza kuelekea nyumbani bila kuuliza.

Alitua vizuri. Hakujipongeza. Alikuwa anajua alichofanya: amemwambia mwalimu wake atulie, na mwalimu ametii, na wanaume wengi aliowajua hapo Tukuyu wasingemsamehe mtu kwa hilo hata kwa kupigiwa magoti. Mwisho wa uwanja akageuza ndege, akaweka mkono tayari kuzima injini. Alikuwa tayari pia na maneno ya kumwambia meneja, na ya kumwambia Vicent, na yalikuwa makali.

"Usizime," Emiliani akasema.

Akafungua mkanda wake, akashuka. Akauchukua mkanda ule, akaufunga vizuri juu ya kiti kitupu ili usije ukagusa usukani, kama unavyofungwa pale rubani anapokwenda peke yake. Upepo wa panga la injini ulikuwa unampeperusha shati. Tulia hakumtazama. Hasira ilikuwa bado imemkaba na hakutaka aione ikigeuka kuwa kitu kingine.

"Tulia," Emiliani akasema.

Tulia akageuka. Akangoja neno linalofuata, mikono juu ya usukani, kama alivyozoea.

Halikuja. Emiliani alikuwa amemwita tu. Aliurudisha mlango taratibu mpaka ukashika, akarudi nyuma hadi kwenye chai, na Tulia akaongeza moto.