Ruta Nayo Hupumzika

Jumamosi ile mama aliamka akajitia pamba masikioni. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajihami.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imeonyeshwa sehemu ya mwisho ya tamthilia aliyoifuatilia mwaka mzima na ushei, ile ya tajiri wa kiwanda cha manukato aliyetiliwa sumu mbele ya wageni wake. Sehemu mia mbili na kumi na mbili, na swali moja tu: nani alitia sumu? Mama alishikilia ni daktari. Shangazi, dada yake baba, alishikilia ni dereva. Sasa hawa ni mawifi, na mawifi wakipata jambo la kubishania hawaligawani nusu kwa nusu, kila mmoja hulitaka lote. Walibishana jikoni. Walibishana kwenye simu. Siku moja walikwenda kumwona mgonjwa, wakabishana kwa kunong'ona pembeni ya kitanda chake, mpaka mgonjwa mwenyewe akanyanyuka kwenye mto akawaomba waanze upya, maana yeye alipitwa na sehemu za mwanzo.

Siku ya mwisho ilipofika, mama akapangiwa zamu ya jioni kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, anakofanya kazi. Akaikosa. Shangazi alikuwa kwake, miguu juu ya stuli. Alfajiri akapiga simu.

"Wifi yangu, umeamkaje? Sikuchoshi. Saa nane nakuja nikuhadithie mwenyewe, kwa mdomo wangu, usije ukayasikia kwa watu wa kando."

Mama alikata simu, akaizima kabisa, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la dawa kutafuta pamba.

"Baba," akaniambia. Hivyo ndivyo anavyoniita akiwa na shida. Asipokuwa na shida mimi ni "we". "Si ulisema king'amuzi kikiungwa na intaneti kinarudisha vipindi vilivyopita?"

"Kinarudisha, Mama."

Hakusikia. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kiunge kabla ya saa nane. Kama huwezi, niambie mapema nimwite fundi."

Neno hilo la mwisho lilinichoma kuliko pilipili jichoni. Fundi! Aje mtu na mkoba wake, aingie sebuleni kwetu, achomeke waya mmoja kisha anitazame kama mtoto aliyeshindwa kufunga viatu! Nyumba hii mimi ndiye niliyefufua pasi. Mimi ndiye niliyetengeneza kitasa cha mlango wa nyuma, na kama siku hizi hakifunguki mpaka ukipige teke, cha muhimu ni kwamba kinafunguka. Nikavaa viatu, nikatoka, nikarudi na kebo ya mita ishirini imekunjwa begani kama kamba ya mpanda milima.

Kazi yenyewe si ya kuogofya. King'amuzi chetu ni cha zamani, hakinasi intaneti ya hewani, lakini nyuma yake kina tundu la mraba linalosubiri kebo. Ruta, kile kisanduku chenye taa nyingi kinachotuletea intaneti, iko chumbani kwa wazazi, upande wa pili wa korido. Unachomeka huku, unachomeka kule, basi. Nikailaza kebo kandokando ya ukuta, nikaishikiza kwa utepe wa gundi kila baada ya hatua mbili, nikaipitisha chini ya zulia la koridoni, nikafika mlango wa wazazi. Hapo nikasimama.

Chumba cha wazazi siingii. Tangu niote ndevu sijavuka kizingiti kile, na sikukusudia kukivuka kwa sababu ya mtu aliyetiliwa sumu kwenye televisheni. Nikapiga magoti, nikakisukuma kichwa cha kebo kwenye uwazi wa chini ya mlango.

"Baba! Kimefika?"

Baba yumo ndani, na baba ni mzigo mwingine. Alisimama mbele ya mashine za kufuma nguo miaka thelathini na moja, na siku aliyostaafu alirudi na cheti, saa ya ukutani na nusu ya masikio yake. Nusu nyingine ilibaki kiwandani. Kwa hiyo sebuleni kuna mama mwenye pamba, chumbani kuna baba mwenye masikio ya kiwanda, na mimi nimepiga magoti koridoni nabweka kama mpiga mnada.

"Kimefika nini?"

"Kichwa cha kebo! Kichomeke kwenye ruta! Tundu lolote la njano!"

"Lolote?"

"Lolote la njano! La bluu usiliguse!"

Kiti kikaburuzwa. Baba akakohoa kikohozi chake cha kazi.

"Nimechomeka! Limesema tak!"

Nikakimbilia sebuleni, nikachomeka upande wangu. Taa ndogo ya kijani ikaanza kukonyeza nyuma ya king'amuzi. Nikafungua Mipangilio, nikafungua Mtandao, na kioo chote kikaandika: UMEUNGANISHWA. Nilimwita mama kwa mikono miwili kama anayeongoza ndege kutua. Akaja, akaketi, akajipangia mito. Saa ya ukutani ikagonga saa saba kamili. Nikabonyeza Vipindi Vilivyopita, duara likazunguka, likazunguka, kisha likaganda.

HAKUNA MTANDAO.

Taa ya kijani nayo ikazimika.

Nilicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejua la kufanya. Nikachomoa, nikachomeka. Hakuna. Nikakizima king'amuzi, nikakiwasha. Hakuna. Nikaifuata kebo kwa magoti sentimita kwa sentimita nikitafuta mahali ilipokunjika. Nikapuliza tundu. Nikapuliza kichwa cha kebo. Nikarudi mlangoni.

"Baba! Kebo haijachomoka?"

"Iko imara!"

"Na ruta? Ruta iko sawa?"

"Iko salama kabisa! Tena inapata upepo!"

Sasa mtu mzima akikwambia kitu kiko salama na kinapata upepo, utauliza nini tena? Nikarudi kuigombeza kebo. Nikakitoa kijitabu cha king'amuzi, nikakisoma kwa mara ya kwanza tangu tukinunue, nikakiona kimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuwa na mama. Ilikuwa saa saba na nusu. Mama alinyoosha vidole vitatu, akavizungusha hewani taratibu, kama anayekaza parafujo.

Fundi.

Damu ikanipanda. Nikaondoka kwa hatua za askari mpaka koridoni, na safari hii sikuuliza kama mtoto, niliuliza kama mpelelezi.

"Baba! Hiyo ruta ina taa ngapi zinazowaka?"

"Hata moja!"

"Hata moja? Kwa nini?"

"Imepumzika!"

Nilikaa chini. Nilikaa kabisa, mgongo ukutani. Maana hapo nilielewa yote. Kiwandani kwao mashine zilifanya kazi kwa zamu, na baba aliiacha kazi lakini zamu hazikumwacha. Humu nyumbani redio hupumzika, birika la umeme hupumzika, hata kengele ya mlango aliwahi kuitoa betri mchana ili "ivute pumzi". Lakini ruta! Sikujua kwamba ruta nayo imeingizwa kwenye ratiba.

"Toka lini, Baba?"

"Toka saa saba! Imefanya kazi tangu asubuhi, imechemka, iguse mwenyewe! Nimeichomoa kwenye umeme, nimeigeuzia feni. Saa nane naiwasha."

"Saa nane Shangazi anakuja!"

"Aje! Kwani Shangazi anakaa ndani ya ruta?"

"Baba, iwashe sasa hivi, nakuomba. Kwa leo tu."

"Kijana!" Sauti ikasogea karibu na mlango. "Nimeona mashine iliyonyimwa mapumziko. Iliungua na marobota kumi na nane. Kwa leo tu! Maneno hayohayo alisema msimamizi!"

Na papo hapo, kupitia dirishani, nikasikia geti likilia na sauti niijuayo ikiwasalimu majirani wa kulia na wa kushoto. Shangazi. Dakika ishirini kabla ya wakati. Umbea hauna subira.

Kubishana na baba ni kazi bure. Anayetaka kumshinda baba sharti aingie kiwandani kwake.

"Baba! Kiwandani hakukuwa na ovataimu?"

"Ilikuwepo," akasema, pole pole.

"Ruhusa alitoa nani?"

"Meneja. Kwa maandishi. Kwa saini."

"Na meneja wa nyumba hii ni nani?"

Kikohozi cha kazi kikasikika tena, cha mtu mkweli anayepima ukweli.

"Lete karatasi," akasema baba.

Nilifika sebuleni kama risasi. Nikachana ukurasa wa nyuma wa kijitabu cha king'amuzi, mwishowe kikapata faida, nikaandika: *Ruta inaruhusiwa kufanya ovataimu leo hadi itakapoamriwa vinginevyo. Meneja.* Nikampa mama kalamu. Akasoma, akanitazama, akautazama mlango wa chumbani, akafumba macho kama anayeomba subira, akatia saini. Nikarudi mbio, nikaisukuma karatasi chini ya mlango. Nikasikia miwani ikivaliwa.

"Haina tarehe!"

"Babaaa!"

"Haya, haya, naiwasha."

Ruta ikishawashwa huchukua dakika mbili kuamka. Dakika mbili! Na Shangazi alikuwa ameshavua viatu mlangoni. Nikajitupa mbele yake.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba. Nipishe."

"Habari za nyumbani? Za mumeo? Goti lake? Za wapangaji? Yule paka aliyekuwa anakohoa?"

"Wewe tangu lini unauliza habari za watu? Nipishe, mtoto wa kaka, nina habari iliyoiva, itaniozea mdomoni."

Ana mwili wa kutosha na ana nia. Alinipita kama mlango wa pazia. Mama alipomwona alifumba macho asije akasoma midomo, akashika masikio juu ya pamba. Shangazi akaketi kando yake, akamtazama kwa upendo wa kweli, kisha akaikamata pamba ya kulia kwa vidole viwili, akaing'oa.

"DEREVA!"

Mama alifumbua macho. Nimewahi kumwona mama akikasirika, nimewahi kumwona akilia. Hili lilikuwa jingine. Alishusha mabega kama mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali ikamwagika mlangoni.

"Dereva," akarudia kwa sauti ndogo.

"Dereva, wifi yangu! Kwa mkono wake! Nilikwambia nini? Akapigishwa magoti, akakiri, akalia mpaka kamasi! Na daktari wako masikini yuko pembeni, mtu safi kabisa."

Nyuma ya king'amuzi taa ya kijani ikaanza kukonyeza. Imechelewa, pumbavu wee.

Nilitaka kuing'oa kebo nzima niitupe. Lakini mama akaniambia, bila kunitazama, "Washa. Nimeifuatilia mwaka mzima, siwezi kuiachia mlangoni. Nitaona hata huko kukiri."

Ikawaka. Picha safi kama maji. Baba akatoka chumbani na karatasi yake mkononi, akaketi. Tukatazama.

Robo saa ya kwanza Shangazi alisimulia juu ya kila kitu: "Sasa hapa anaingia mjane... sasa hapa taa inazimika..." Kweli mjane akaingia, kweli taa ikazimika. Baada ya hapo akanyamaza. Mimi nilidhani amechoka. Kisha nikamwona amesogea mbele mpaka ukingo wa kochi, mkono kwenye shavu. Kwenye kioo dereva aliingia kituo cha polisi kwa miguu yake, akatoa cheti cha hospitali: siku ya sumu alikuwa amelazwa wodini, mguu umevunjika.

"Hee!" Shangazi akaruka. "Kumbe siye!"

Hilo hata baba alilisikia.

Mama hakugeuka. Kwenye kioo mpelelezi alisimama, akawatazama wote waliokusanyika, akanyoosha kidole, akafungua mdomo kutaja jina. Mama akabonyeza rimoti. Mpelelezi akaganda, kidole hewani, mdomo wazi.

"Wifi," mama akasema, kwa upole wa kutisha. "Jana uliangalia mpaka wapi?"

"Niliangalia."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka... taa ilipozimika."

"Ukalala."

"Sikulala! Nilijinyoosha. Nilipoamka kulikuwa na taarifa ya hali ya hewa."

"Na kamasi za dereva?"

"Wifi yangu, nilikuwa nakisia tu. Mtu huwezi kukisia? Bonyeza basi, amefungua mdomo yule!"

Mama akatoa pamba iliyobaki, akasimama, akajinyoosha kama mtu aliyelala siku mbili. Akaichomeka rimoti kwapani.

"Nimenuka dawa za mashuka tangu jana," akasema. "Acha nikaoge. Maji ya moto. Na nywele."

"Na nywele?" Shangazi alilia. "Wifi! Hiyo ni saa nzima! Wifi, nakuomba, nimekosa, nimekosa na miguu yangu miwili!"

Mlango wa bafu ukafungwa. Tukasikia maji yakianza kudondoka ndani ya ndoo, bila haraka yoyote.

Shangazi akanigeukia. Macho yake yalikuwa yameshikwa na kile kidole cha mpelelezi, yanakwenda na kurudi.

"Mwanangu. Fundi wangu. Huwezi kubonyeza pale mbele, kwenye king'amuzi chenyewe?"

Nilifikiri. Ningeweza, kitufe kiko pale pale mbele. Na jina lile hata mimi nilikuwa na hamu nalo.

"Sijui, Shangazi," nikasema, nikajilaza kwenye mto wa mama. "Mimi nimesomea kebo tu."