Kishimo cha Maji

Kule Kombewa niliwaahidi akina mama kwamba kila mtoto atadungwa mara moja tu. Hakuna aliyenituma kuahidi hivyo. Mama Lorine, ambaye bintiye alilia mpaka sauti ikakauka, aliniuliza tena.

"Mara moja, daktari?"

"Mara moja, Mama. Na mimi si daktari."

"Ala! Na sindano ulipewa na nani?"

Nilirudi na damu ya watoto arobaini kwenye maabara yetu ndogo ya Nyamasaria, juu ya duka la mabati. Tulikuwa tukitafuta protini ya vimelea vya malaria. Damu ya kila mtoto ilitosha vipimo viwili.

Jumanne nilipima. Vishimo vyote vya sahani ya kupimia viligeuka manjano, maana yake watoto wote walikuwa na vimelea. Kishimo cha mwisho, nilichotia maji matupu, nacho kiligeuka manjano.

"Maji yana malaria," alisema Madam Nasambu, mkuu wangu. Hakucheka. "Andika hiyo, tutapewa tuzo."

Akachora herufi Y kwenye karatasi ya maandazi. Kingamwili, alisema, ina umbo la panda ya manati. Mikono miwili ya juu hushika protini. Mguu wa chini huonyesha imetoka kwa mnyama gani. Kingamwili ya kwanza ya kipimo chetu, ile ya kushika protini ya vimelea, ilitoka kwa mbuzi. Ya pili, iliyobeba kimeng'enya cha kuleta rangi, ilitoka kwa punda, na kazi yake ni kushika mguu wa ile ya mbuzi.

"Na zile nafasi tupu za sahani ulizifunika kwa kitu gani, ili kingamwili zisinase ovyo?"

"Maziwa ya unga, Madam. Kama kawaida."

"Kawaida ilikuwa ya sungura."

Ni kweli. Mpaka mwezi uliopita tulitumia kingamwili ya sungura, na maziwa hayakutusumbua. Lakini maziwa ya ng'ombe yana kingamwili za ng'ombe, na ng'ombe na mbuzi ni jamaa wa karibu. Ile ya punda ilikuwa imeshika kila mguu ilioukuta.

"Huwezi kumlaumu punda," nilisema.

"Simlaumu punda."

Alhamisi nilifunika sahani kwa gelatini ya samaki, isiyo na kingamwili. Vishimo kumi na kimoja viligeuka manjano. Ishirini na vinane vilibaki safi. Maji yalibaki maji.

Nasambu alihesabu. "Thelathini na tisa."

Damu ya Lorine ilikuwa imekwisha. Jumanne nilikuwa nimempima mara mbili, kwa sababu nilimwonea huruma na nilitaka jibu lake liwe la hakika.

Ijumaa nilifika kwa Mama Lorine na sindano mpya, nikamweleza yote.

"Mimi uliniahidi nikiwa nimesimama tu hapo," alisema. "Atakayedungwa ni huyu. Mwambie mwenyewe."

Akamketisha Lorine mkekani mbele yangu. Lorine alikuwa na miezi kumi na minne. Nikachuchumaa, nikaanza tangu mwanzo.