Mifuko ya Kiti cha Nyuma

"Nyuma usiweke kitu, dada. Pima hivi hivi."

Mdogo wangu alisema hivyo akiwa ameshika usukani, mlango wazi, mguu mmoja ndani ya gari na mwingine kwenye sakafu ya karakana yangu. Hakunitazama. Alikuwa amekodolea macho ukuta uliokuwa mbele yake, na ukuta ule haukuwa na chochote zaidi ya kalenda ya mwaka uliopita. Mimi nilikuwa nimechutama kando ya gurudumu la nyuma, chaki mkononi, na mfuko wa kwanza wa mchanga nilikuwa nimeshauburuta hadi mlangoni.

Mifuko ile ilikuwa ya baba, na karakana pia. Kazi yetu ni matairi na rimu, na baba alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa ajili ya mteja yeyote: gari halipimwi tupu. Ukija unataka rimu pana, hasa kama gari umelishusha, umelikata springi mpaka tumbo linakaribia kulamba lami, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nyuma wanakaa akina nani?" Ukishawataja, anapakia mifuko. Aliishona mwenyewe kwa turubai na kuijaza mchanga, kila mmoja kilo sabini, isipokuwa mmoja wa kilo mia tuliouita Bosi. Gari likishalala kwa uzito wa watu wake, anaingiza vidole kati ya tairi na ukingo wa bati ulio juu yake. Vidole viwili vikipita, sawa. Visipopita, chukua rimu zako, nenda kwa mwingine, na baba hakuwa mtu wa kubembeleza.

Mdogo wangu aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma. Utotoni alikuwa akilala mchana juu ya Bosi.

Wiki tatu kabla ya siku ile, wifi yangu, yaani mke wake, alifungasha nguo zake na za binti yao wa miaka sita, akarudi kwa wazazi wake. Ukimuuliza mdogo wangu sababu, alijibu neno moja: springi. Ni kweli alizikata bila kumwambia mkewe. Ni kweli pia kwamba Jumamosi zote alikuwa chini ya gari, na Jumapili zote alikuwa analing'arisha, mpaka mtoto akazoea kuzungumza na miguu ya baba yake. Lakini springi peke yake? Wifi aliniambia baadaye kwamba hawakuwahi kugombana. Waliacha tu kuzungumza, kidogo kidogo, mpaka siku moja akatambua kwamba hata ugomvi hawana.

Mimi na huu ulimi wangu, nilimpigia simu nikamwambia nyumba haivunjwi kwa sababu ya springi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Asante, wifi," akakata. Nilibaki nimeshika simu, nimenywea.

Basi mdogo wangu akaja na zile rimu. Pana, za rangi ya moshi, na matairi yake mapana vilevile. Alikuwa amezitamani miaka miwili. Zilikuwa kwenye kiti cha nyuma, zimefungwa mkanda wa usalama, na shuka la kitandani amezitandikia zisikwaruzike. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Alizishusha moja moja akizipangusa kwa mkono wa shati, na nilipoona vile, moyo wangu ukalainika vibaya. Nilijua, kwa jicho tu, kwamba nikipakia mifuko miwili nyuma rimu zile hazitaingia. Nitalazimika kumwambia hapana. Na huyu mtu alikuwa ameambiwa hapana ya kumtosha.

"Na wakirudi?" nilimuuliza.

"Pima hivi hivi," akasema tena.

Nikaurudisha mfuko kwenye kona. Nilimhurumia, na huruma yangu ilikuwa ya kijinga, ile ya kumpa mtu anachotaka ili usiendelee kumtazama akiwa hivyo.

Kazi yenyewe tuliifanya vizuri, sifa hiyo siwezi kujinyima. Fundi bati wangu, mzee mwenye masikio mazito na mikono myepesi, aliupasha joto ukingo wa bati mpaka rangi ikawa laini, kisha akaukunja kwa ndani kwa kipande cha mti, polepole, bila kuacha ufa hata mmoja. Alipomaliza akaniuliza mifuko iko wapi. Nikamjibu kwa ukali kwamba leo hakuna mifuko. Alinitazama, akatazama ile kona, akaenda kunawa mikono. Alikuwa amefanya kazi na baba miaka ishirini.

Nikafunga rimu, nikakaza nati, nikashusha jeki. Nikapaka chaki ukingoni mwa kila tairi ili bati likigusa tu, chaki ifutike. Mdogo wangu akazunguka uwanja peke yake mara tatu. Chaki ilibaki nyeupe pe. Nafasi ilikuwa ya kidole kimoja, chembamba, cha kwangu. Aliposhuka alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na mimi nikajiambia kwamba nimefanya jambo jema.

Siku tisa baadaye alinipigia simu asubuhi. Nilidhani kuna msiba, kwa jinsi alivyokuwa anahema. Wifi alikuwa amekubali kurudi. Amesema waende wakajaribu tena, ila aende kuwachukua yeye mwenyewe, Jumapili hiyo saa tisa, na asitume mtu. Mdogo wangu aliongea, akacheka, akaongea tena. Mimi niliketi, na macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye kona ya mifuko.

Pale ndipo nilipokosa kweli. Siku ya rimu nilikuwa na kisingizio cha huruma. Siku ya simu sikuwa nacho. Ilikuwa niseme, lete gari sasa hivi turudishe matairi ya zamani, nusu saa tu. Matairi yenyewe, na rimu zake, yalikuwa stoo, nimeyafunika gunia. Lakini ningelazimika kukiri kwamba nilivunja sheria ya baba nikijua ninachofanya, mimi ninayewasema watu wote. Niliona haya. Nikamwambia, "Endesha polepole." Akaitikia haraka haraka, hakuuliza kwa nini.

Yaliyotokea nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Mtoto alitaka kukaa nyuma na mama yake. Masanduku mawili yakaingia kwenye buti. Wazazi wa wifi wakasimama getini kupunga mkono. Gari likatoka, likafika kwenye tuta la kwanza, hata mita mia mbili hazijafika, na nyuma kukatoka mlio wa bati linalokwangua mpira, mrefu, ukifuatiwa na harufu ya kuungua. Mtoto akaanza kulia. Mdogo wangu akasimama, akawaomba washuke. Walipokwisha kushuka, gari likainuka, akalisogeza mbele, likaenda bila tatizo. Akawaita wapande. Mlio ukarudi. Akawaomba washuke tena.

Mara ya pili wifi hakushuka kwa haraka. Alimtoa mtoto, akafunga mlango kwa utulivu, akasimama kando ya barabara akilitazama lile gari linavyoteleza likiwa limemwacha.

"Linakwenda tukishuka," alisema.

Hakusema kwa hasira. Mdogo wangu aliniambia kwamba angetukanwa ingekuwa nafuu.

Aliponipigia, sikumwacha amalize. Niliyapakia yale matairi ya zamani kwenye pikapu, jeki na spana juu yake, nikaendesha nikijilaani njia nzima. Nilipofika niliwakuta hivi: mdogo wangu amechutama karibu na gurudumu, mikono kichwani, wifi amesimama hatua kumi kutoka kwake, masanduku yameshatolewa kwenye buti, mtoto amemshika kidole. Geti la wazazi wake lilikuwa linaonekana kutoka pale, na mama yake bado alikuwa amesimama hapo. Ilikuwa wifi abebe masanduku yale arudi kwao, basi, na safari hii asingerudi tena kwa mumewe. Sote watatu tulilijua hilo.

Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, uzi umetoka nje.

"Wifi," nilisema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepima."

Akanigeukia. "Ulipima akiwamo nani?"

"Yeye peke yake."

"Na nani alisema iwe hivyo?"

Nilifungua mdomo nimkinge mdogo wangu, kama nilivyomkinga tangu utotoni, kwa vikombe vilivyovunjika na madaftari yaliyopotea. Lakini akaniwahi.

"Mimi," alisema, bado amechutama. "Dada alikuwa ameshaleta mifuko. Nilimkataza." Akaondoa mikono kichwani. "Sikutaka kuona mchanga umekaa mahali penu."

Jamani. Miaka arobaini na moja niliyokuwa nayo siku ile, nilijiona mimi ndiye mtoto pale barabarani. Kumbe nilipodhani anajitengenezea gari la mtu mmoja, alikuwa anashindwa kutazama kiti kitupu. Na mimi dada yake, niliyekuwa nimeinama hatua moja kutoka kwake, chaki mkononi, sikuliona hilo.

Wifi alitazama kule getini, akamtazama mumewe, akaitazama spana niliyoishika. Kisha akaliburuta sanduku moja mpaka karibu na gurudumu, akalikalia, akakinga viganja.

"Nipe nati," aliniambia. "Zisipotee mchangani."

Tukabadilisha matairi yote manne. Mdogo wangu alifungua, mimi nilipandisha jeki, wifi alishika nati, na kila zikihitajika alizitoa moja moja, akimpa mtoto ampelekee baba yake. Tulipomaliza walipanda wote, masanduku yakarudi kwenye buti, gari likalala. Nikapiga magoti kwenye vumbi na kuingiza mkono.

Wifi alitoa kichwa dirishani. "Vinapita?"

"Viwili," nikasema. "Na kingine kidogo."

"Haya, twendeni."

Niliwafuata kwa pikapu, mimi peke yangu na rimu nne za rangi ya moshi zikigongana nyuma yangu. Kwenye lile tuta nilizima redio ili nisikilize. Hakukuwa na mlio wowote. Nililia kuanzia pale mpaka nyumbani, na sikujali nani ananiona.

Sisemi mambo yalinyooka kuanzia siku ile. Walikuwa na miezi migumu, na mara mbili wifi alikuja kulala kwangu. Lakini Jumamosi iliyofuata mdogo wangu alikuja na binti yake, akamsimamisha kwenye mzani wa karakana: kilo kumi na tisa. Fundi bati akashona mfuko mdogo, mtoto akaujaza mchanga mwenyewe kwa kopo la maziwa. Kila mwaka alikuja kupimwa na kuongeza. Mara tatu tulibadilisha turubai. Zile rimu nilizitundika juu ya mlango wa ofisi, na wateja wakiulizia nawaambia hazipimiki.

Mwezi uliopita, asubuhi, gari jekundu liliingia uwanjani limelala chini kiasi kwamba nilianza kukunja uso kabla halijasimama. Akashuka binti wa mdogo wangu, mtu mzima sasa, ana kazi na ana maneno kama mimi. Kwenye buti kulikuwa na rimu, pana. Nilichukua chaki tu, nikasubiri nione atasema nini.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kona. Aliuburuta mfuko mmoja mpaka kwenye kiti cha nyuma akisema huu ni mama, akauburuta mwingine akisema huu ni baba, amenenepa, ingefaa awe Bosi. Nikacheka, nikachutama karibu na gurudumu, goti likinilalamikia. Nilipoinua macho, alikuwa anauburuta wa tatu, jasho linamtiririka, anauelekeza kiti cha mbele, karibu na dereva.

"Huo wa nani?" nilimuuliza. "Umeshapata mtu?"

Aliusukuma mpaka ukakaa vizuri, akaufunga mkanda.

"Wako, shangazi," alisema. "Pima."