Shilingi Yenye Tundu na Beseni ya Sadaka

Wewe uliyekaa hapo, pokea fumbo langu, na usikimbilie kujibu kama mutu anayekimbilia samaki wa bure: kwao ni mukubwa, kila mulango unamufungukia, akivuka maji, hata muuza chumvi haitike salamu yake. Ni nani?

Balozi? Hapana, balozi anavuka na gari lake. Mukwe mupya? Umekaribia, lakini mukwe anapewa hata kiti. Umeshindwa. Basi nipe muji, na usinipe Kilwa yetu ya Kongo, kule ninakujua. Jibu ni feza ya chuma ya inchi ingine.

Feza za namna hiyo zinafika Kashikishi, soko letu la samaki upande huu wa ziwa, kama inzi: hakuna aliyeziita, na kila mutu anazifukuzia kwa jirani. Dereva wa lori la samaki anatoka nazo Tunduma. Muuza nguo anarudi nazo kutoka Malawi. Na zikifika mukononi mwa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo, zimepata nyumba. Kule kwao franga ni karatasi tupu, ile inayoshikwa mpaka inalegea kama kitambaa cha kupangusia sahani. Chuma hawakuizoea. Umupe mutu wa Pweto kitu cha duara chenye kichwa cha muzee upande moja na nyama wa pori upande wa pili, atasema aksanti, na siku ya yenga atakipeleka kwa Mungu.

Njo maana kanisa la Wakongomani karibu na bandari lilikuwa na shida ambayo makanisa mengine hayakuijua. Kila siku ya yenga, kisha ibada, mashemasi walimwaga beseni ya sadaka juu ya meza na kuzifunga zile kwacha moja-moja. Walikuwa na kipande cha bomba ya plastiki kilichokatwa kwa kipimo: feza makumi mbili zikiingia, zinafika mudomoni sawasawa. Wanasukuma, wanakunja ndani ya karatasi ya daftari, wanabandika na bukari, ule ugali wa jana, na huo ni muviringo moja. Mashemasi hawakuangalia vichwa vya feza. Waliangalia mudomo wa bomba, na mawazo yao yalikuwa tayari kwenye chakula.

Siku iliyofuata asubui, Mama Ngalula alifungua yote tena. Alikuwa mujane wa miaka makumi sita na mbili, mwenye macho ya kuona kijiwe ndani ya muchele wa jirani. Alitoa feza za ngambo, akajaza upungufu na kwacha zilizobaki nje ya miviringo, akafunga upya, na kupeleka kwa Sampa, Mubemba mwenye duka la sokoni, ambaye kila siku alikuwa na njaa ya chenji. Sampa hakufungua hata muviringo moja. "Ba mayo Ngalula akisema makumi mbili, ni makumi mbili," alisema, akimuita mama kwa Kibemba, na kutoa noti. Kwa kila miviringo kumi, kanisa lilimupa Ngalula kwacha tano, feza ya sabuni na chumvi. Lakini si sabuni iliyomufanya apite shingo wima kati ya meza za chisense, wale samaki wadogo wanaonuka mpaka barabarani. Hakuwa na shamba, hakuwa na mutumbwi, watoto wake walikuwa mbali. Alikuwa na jina, na jina lile lilipita sokoni bila kufunguliwa.

Sasa, zile za ngambo zifanyiwe nini? Kila mutu alikuwa na hekima yake, na hekima ya bure ni nyingi kuliko chisense. Dédé muuza mafuta alisema zizikwe chini ya kizingiti cha kanisa, zivute wenzao. Zilizikwa tatu, zilivuta muchwa. Mashemasi walisema zitupwe, kama vile ziwa ni pipa la mama zao. Ni Cadette, muke wa shemasi, aliyekuwa akifunga miviringo pamoja na Ngalula, aliyesema neno lenye kichwa na miguu: "Tuwapatie madereva, Mama. Shilingi ya Tanzania, kule Tanzania inanunua mukate. Watuletee hata nusu ya bei." Ngalula alikubali. Wengine walianza kukubali. Njo pale Papa Roger aliposimama.

Papa Roger alikuwa trezorie, mutunza feza wa kanisa. Alivaa koti nzito katika joto la mwezi wa kumi, kalamu ine mufukoni, moja tu iliyoandika. Tangu apewe kazi ile, shingo yake haikuinama tena, hata kwa sala.

"Muwapatie madereva?" akauliza, kama vile wamesema wataoga na supu. "Ndugu zangu, muko mu giza. Kule Ulaya bazungu bazima banakaa na kufungua miviringo ya feza tangu asubui mpaka mangaribi. Wakikuta feza ya inchi ingine, wanaibusu. Dola kumi kila moja. Mi niko na ndugu Lubumbashi anayeongea nao. Zote zikuye kwangu, na mwaka haitaisha, tutaezeka kanisa mabati mapya."

Watu walipiga makofi. Taja dola mbele ya watu wanaovujiwa, hata mbuzi atapiga makofi.

Basi kila wiki Ngalula alimupelekea za ngambo ndani ya kopo ya maziwa, na Cadette aliandika hesabu kwenye kalenda ya ukutani. Kisha miezi mbili Ngalula akauliza, kwa heshima yote, "Papa Trezorie, zile tunakupatia zinafikaka wapi?"

"Mama," Roger akasema, "kuko mambo ya jikoni na kuko mambo ya finansi."

"Ya jikoni ninajua zinafikaka wapi. Zinafika mu tumbo. Ninauliza za kwako."

Roger akatoa simu yake na kuanza kuongea Kifaransa na mutu, ijapokuwa simu haikulia.

Wiki ileile, ndani ya miviringo, Ngalula alikuta shilingi mia mbili ya Tanzania yenye tundu. Mutu aliitoboa kwa musumari, bila shaka amuvalishe mutoto shingoni, na musumari uliteleza ukaacha mukwaruzo kama ndevu ya panya. Ilimupendeza. Lakini kanuni ni kanuni. Akaitia ndani ya kopo, ikaenda kwa Roger.

Wiki tatu kisha, ilikuwa ndani ya muviringo tena.

"Labda ni mapacha," Cadette akasema.

"Mapacha wa baba moja ninawajua. Mapacha wa musumari moja, hapana."

Wakaipeleka tena. Ikarudi tena. Ngalula alikaa na ile shilingi kiganjani mpaka moto wake ukazimika chini ya chungu. Ile yenga iliyofuata, alienda kanisani na masikio.

Mutu anayetoa noti hana sauti. Mujane anayetoa ngwee zake, zile feza ndogo kuliko kwacha, anaziweka polepole, asisikike. Lakini Papa Roger alitoka wa mwisho, peke yake, akitembea kama bibi-arusi. Akainua mukono juu ya beseni na kuachilia feza moja-moja: ngwa, ngwa, ngwa. Wamama wa kwaya waliitika amina kwa kila mulio. Hakuna mutu katika wilaya yote ya Nchelenge aliyemutolea Mungu kwa kelele kama ile. Ngalula alihesabu milio kumi na moja. Kesho yake, alipofungua miviringo, za ngambo zilikuwa kumi na mbili, na ya kumi na mbili alijua ni ya bibi moja kipofu kutoka Mununga.

Trezorie hashitakiwi na masikio ya mujane. Akaenda tu kumuuliza mara ya pili: "Papa, zilifika wapi?"

Sasa, mutu akikuuliza neno mara mbili na hutaki kulijibu, dawa ya waoga ni moja: muulize yeye. Jioni ileile Roger alikuwa kwa Pasta Félix na koti lake. Feza za ngambo zinaongezeka, alisema. Miviringo inafunguliwa na nani? Inafungwa na nani? Kwacha nzuri zinatoka, takataka zinaingia, na huyu mama anapita sokoni kama malkia. Yenga inayokuja, jina lake lisomwe mbele ya kanisa kama la muizi, na Sampa aambiwe.

Neno lile lilifika sokoni mbele ya mwenye jina. Wauza chisense walimusalimia Ngalula kwa nusu ya mudomo. Alipofika dukani na miviringo, Sampa alishika wa kwanza, na ukucha wake ukaanza kukwaruza karatasi pale palipobandikwa. Kisha akaona Ngalula anatazama, akauacha.

"Ni mazoea ya kucha tu, ba mayo," akasema.

Miaka mitano hakuwa na mazoea yale. Ngalula alipokea noti, akashika njia ya nyumbani. Sabuni ingepatikana. Angeosha nguo za watu. Lakini ukucha ule ungeenda kutoka duka mpaka duka, kutoka meza mpaka meza, mpaka siku ya kumuzika wangechungulia ndani ya sanduku wahakikishe kama ni yeye.

Hakulala njaa wala hakulia. Alienda kwa pasta. "Jina langu lisomwe, sikatae," akasema. "Lakini mbele ya hapo, komite ikae, Sampa akuwe pale, na Papa Trezorie ajibu kitu kimoja. Nimemuuliza mara mbili. Mara ya tatu ikuwe mbele yenu."

Walikaa ndani ya kanisa siku moja mbele ya yenga, saa nane muchana, jua likipita katika matundu ya bati. Pasta Félix mbele. Mashemasi, Dédé, Cadette na kalenda yake. Sampa karibu na mulango, kofia mukononi. Roger alikaa na koti, mafaili mbili juu ya magoti.

"Feza za ngambo makumi ine na tatu tulikupatia," Ngalula akasema. "Zilifika wapi?"

"Proseduri iko inaendelea," Roger akajibu.

"Ni muji gani huo?" Sampa akauliza kutoka mulangoni.

Dédé alicheka mpaka akashika mbavu. Roger akafungua faili na kulifunga. "Ziko Lubumbashi. Kwa ndugu yangu."

"Ziliuzwa?" pasta akauliza.

"Karibu zote. Bei ilikuwa muzuri sana."

Hapo watu wakakaa vizuri juu ya benchi. Cadette akapiga hesabu kwa kidole juu ya kalenda. "Makumi ine na tatu mara kumi. Dola mia ine na makumi tatu."

"Aksanti Yesu," shemasi moja akasema. "Tuanze na upande wa kwaya, pale mvua inaingia."

"Hapana, upande wa wazee," Dédé akasema. "Wanakwaya bananonaka na mvua. Papa Roger, ulete hata kesho. Fundi namujua."

"Zingali njiani," Roger akasema haraka. "Feza ya mbali inakawia."

"Ulisema ziliuzwa."

"Ziliuzwa njiani."

Hata pasta alifunika mudomo. Ngalula hakucheka. Alitoa kitambaa chake, akafungua fundo, na kuweka shilingi yenye tundu juu ya benchi, mbele ya magoti ya Roger. "Hii nilikupatia mara mbili. Cadette aliandika tarehe zote. Na mara zote mbili ilirudi mu muviringo. Kama iko Lubumbashi, huyu mugeni ni nani?"

"Ni ingine."

"Na ndevu ya panya pia? Gusa, Papa. Haiumake."

Roger hakugusa. Jasho lilishuka kutoka kichwani, likapita shingo ile isiyoinama, likaingia ndani ya koti. Sampa alikuja polepole kutoka mulangoni, akainama juu ya ile shilingi, akaigeuza, akamutazama Roger kama vile anavyotazama samaki wa siku tatu.

"Mi sikuite muizi," Ngalula akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kumuamusha mutoto. "Wewe uliniita mi. Sasa chagua mwenyewe, hatukuchagulie. Kama ziliuzwa, uko na dola mia ine na makumi tatu za Mungu mufukoni, na watu hawa hawatatoka hapa mbele ya kuziona. Kama hazikuuzwa, basi kila wiki zilitoka mukononi mwako zikaenda mahali. Nakuuliza mara ya tatu, na kesho watasoma jina langu mbele ya kanisa kwa jibu lako. Zilifika wapi?"

Nje, mota ya mutumbwi ilikataa kuwaka, ikavutwa kamba, ikakataa tena. Roger alitazama dirisha. Alitazama mafaili yake. Alitazama Cadette na kalenda, Dédé aliyekuwa tayari anahesabu mabati kwa vidole, pasta ambaye hakumusaidia. Mia ine na makumi tatu ilikuwa upande moja, aibu upande wa pili, na mufukoni mwake, ukiondoa kalamu, hamukuwa na kitu.

Akavua koti.

"Mu beseni," akasema. "Ndugu yangu alisema hazifai kitu. Nikaona ni haya kuzirudisha. Nilikuwa ninazitoa mu sadaka, kila yenga, kama yangu."