Ngazi za Ghala la Pamba

Jedidah aliapa kwamba hatatia mguu katika ukumbi mpya wa ngoma pale Ishiara. Kisha akakumbuka kwamba mguu wenyewe amebaki nao mmoja tu, ule mwingine ulichukuliwa na ugonjwa wa sukari, akacheka peke yake jikoni. Lakini kiapo hakukifuta.

Alikuwa na sababu. Katika kikundi chao, mwanamke anayeongoza wimbo huuanzia nje, huingia wa kwanza, na wenzake humfuata wakiitikia. Jedidah aliingia wa kwanza miaka na miaka. Tangu apate kiti cha magurudumu, kila penye ngazi vijana wenye misuli na moyo mzuri humbeba juujuu, sketi imepanda, roho mkononi, watu wakipiga makofi. Wao waliona ni heshima. Yeye alijiona gunia, ila angewaambiaje watoto waliolelewa vizuri hivyo? Basi akawa anaingizwa mapema, kabla ya wageni, na wimbo unaanzishwa na rafiki yake Wanjugu.

Na ukumbi huu aliujua. Zamani ulikuwa ghala la pamba, na ngazi zake za mawe alizipanda usichanani akiwa na mzigo mgongoni. Hazikuwa na huruma hata kwa mwenye miguu miwili.

"Wewe njoo tu," Wanjugu alimsihi kwa simu. "Wamekutengenezea njia."

Jedidah alizijua njia za kutengenezewa. Huzunguka nyuma, kando ya choo, hadi kwenye mlango wenye kufuli, na mwenye ufunguo ameenda kunywa chai. Hata hivyo, siku ya ufunguzi Wanjugu alimjia na gari la kukodi, amevaa sare ya kikundi na shanga zote, na mtu hawezi kumkatalia rafiki aliyejipamba hivyo.

Walipofika, wanawake walikuwa wamejipanga uwanjani, na vijana wa kubeba walikuwa wakikunja mikono ya shati. Jedidah akamwita Ndwiga, fundi aliyesimamia ukarabati.

"Njia yangu iko wapi?"

"Hakuna njia yako, cucu," Ndwiga akamjibu, kama anayesema na bibi yake. "Iko hii moja tu, ya kila mtu."

Jedidah akatazama mbele. Kuta ni zilezile, mlango ni uleule, lakini ngazi hakuna.

"Ngazi mmepeleka wapi?"

"Ziko hapo chini. Tulijaza udongo uwanja wote, ukipanda polepole, mpaka ukafika mlangoni."

Mzee mwenye mkongojo alikuwa akipanda, mama mjamzito nyuma yake, na muuza soda akisukuma mkokoteni. Hakuna aliyekuwa akitazama anapokanyaga. Jedidah akayashika magurudumu, akayasukuma mwenyewe kidogo, nayo yakaenda. Alishukuru, akaenda mbele ya wenzake.

Mstari ulikuwa ukimngoja yeye. Desturi ni kwamba jina la kwanza katika wimbo huwa la mgeni mkubwa wa siku, na mgeni huyo alikuwa amekwisha kunyoosha tai. Jedidah akavuta pumzi, akaimba kwa Kimbeere jina la Ndwiga, mtu aliyezizika ngazi. Wanawake wakaitikia. Vijana, kwa kuwa hawakuwa na cha kubeba, wakaitikia nao. Akawa wa kwanza kuuvuka mlango, akijisukuma mwenyewe, sketi imemtulia mapajani.