Upande wa Evasio

Mwaka wa hamsini na nane, hapa Torino, mimi na kaka yangu Evasio tulifua bodi ya gari moja kwa alumini. Kila fundi alikuwa na upande wake: mimi kulia, yeye kushoto. Tulipiga bati kwa nyundo juu ya mfuko wa mchanga, tukalipima kwenye kiunzi cha mbao, tukapiga tena. Madigadi yake ya mbele ilivimba kuliko yangu kwa upana wa kidole. Nikamwambia upande wake unaumwa jino.

"Wako una njaa, Celso," akanijibu.

Evasio alifariki bila mke wala mtoto. Magari yetu mengine yaligongwa au yalioza. Kazi ya mikono yake ilibaki kwenye gari lile tu.

Mwaka jana mwenye gari, Bwana Arrigoni wa Como, alinipigia simu. Alikuwa amelifufua, akataka niandike kwamba bodi ni ileile yetu, ili lipokelewe kwenye maonyesho. Ndani ya treni nilimshukuru Mungu kwamba nitaigusa tena kazi ya kaka.

Nilipofika nilikwenda moja kwa moja upande wa kushoto, nikapitisha kiganja. Ilikuwa kazi ya mkono wangu, imegeuzwa tu.

Bwana Arrigoni alinieleza kwa furaha kwamba mashine ilipima upande wa kulia ikatoa mwingine kama huo. Bati la zamani lilikuwa limepinda, limekwenda na vyuma chakavu.

"Halikupinda," nikasema. "Lilifuliwa na kaka yangu."

"Mzee wangu, sasa si limenyooka? Hata yeye angefurahi."

Kwenye dashibodi palikuwa na kibao cha shaba chenye majina yetu mawili. Nikamwambia nitatia sahihi kwa upande wa kulia peke yake. Hakukasirika. Alisema basi kibao kitachongwa upya, kibaki na jina langu tu.

Nikalisoma jina la Evasio kwenye kibao kile. Kisha nikatia sahihi kwamba bodi yote ni yetu.

Nimeliungama hilo mara tatu. Padri ananiuliza kama najuta. Nanyamaza, naye anasema bila majuto hawezi kuniondolea dhambi.